Picha Tano Zenye Ukungu

"Mbayuwayu, uko peke yako?"

"Mimi na kuta nne za choo, Mkuu."

"Sikiliza. Basi lenu linavuka mpaka saa saba kamili. Picha za milango ya bwawa zimo ndani ya basi hilo. Zikivuka, kabla wiki haijaisha bwawa linalipuliwa. Unajua kilicho chini ya bwawa."

Alijua. Mji mzima.

"Nimekagua kamera kumi na moja. Kadi zote safi."

"Kagua tena."

Simu ikakatika.

Alifungua bomba ili aliye nje asikie maji. Akatazama bastola yake, Glock 19, iliyolala ndani ya mfuko wa vipodozi. Akafunga zipu, akatoka.

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Basi dogo la Coaster lilikuwa limeegeshwa ukingoni mwa bonde, kituo cha tano kati ya sita. Abiria kumi na wawili walikuwa wametawanyika kwenye uzio, kila mmoja na kamera yake. Hii ilikuwa safari ya siku mbili ya wapenda mandhari. Barabara ilizunguka bonde lote, na bwawa lilionekana katika kila kituo, kila mara kwa pembe nyingine.

Kamera kumi na mbili. Amekagua kumi na moja.

Ya kumi na mbili hakuigusa. Ilikuwa ya mjomba wake.

Nikon FM2, nzee kuliko yeye mwenyewe, bado inakula mkanda wa filamu. Mjomba aliendesha studio kwa miaka arobaini. Alipiga maharusi, picha za pasipoti, na watoto wasiotaka kukaa kwenye kigoda. Sasa presha ya macho ilikuwa inamla taratibu, kutoka pembeni kuja katikati. Daktari alimpa mwaka mmoja. "Mzee, nenda ukaone vitu unavyotaka kuviona."

Ndipo Mbayuwayu alipomwendea nyumbani na tiketi mbili. "Mjomba, twende ukatembee. Mimi nalipa."

Mzee alilia siku ile. Alijua mpwa wake anafanya kazi ya bima. Hakujua kwamba tiketi zilikatwa na ofisi, kwa kuwa hakuna anayemshuku msichana anayemwongoza mjomba wake mgonjwa.

Nimemleta kwa yote mawili, Mbayuwayu alijiambia. Tangu siku hiyo hakuwa amelala vizuri.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu alisafiri kwa basi hilihili. Alikutwa amekufa hotelini, ng'ambo ya mpaka. Kamera yake haikuonekana. Polisi wa kule waliandika neno moja: wizi.

"Umechelewa, mwanangu," mjomba alisema bila kugeuka. Alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili. Alizoea kutazama dakika kumi ndipo abonyeze mara moja. "Ona ukungu ule unavyopanda. Kama mtu anayevuta shuka asubuhi, hataki kuamka."

"Naona, Mjomba."

Hakuona. Alikuwa anahesabu mikono ya watu.

"Mzee wa mkanda!"

Mwongoza watalii alikuja akicheka. Abiria walimwita Tabasamu, na jina lilimkaa sawasawa. "Lete nikupige na mpwa wako. Usirudi na milima mitupu, mama nyumbani akauliza ulikuwa na nani huku."

"Mke wangu anajua hakuna mwingine wa kunivumilia," mjomba alisema, akamkabidhi kamera.

"Sogeeni kushoto. Kushoto kidogo tena. Dada, cheka basi, mbona kama uko msibani?"

Kla!

Tabasamu akarudisha kamera, akampigapiga mzee begani, akaenda zake.

Mjomba akatoa daftari lake. Tangu ujana hakuwahi kupiga picha asiiandike. Ishirini na nane. Mimi na mpwa. Kituo cha tano. Jua kali. Kisha akaisogeza kamera karibu na jicho lake lililo afadhali, akasonya.

"Masikini. Hajui kazi."

"Nani?"

"Huyu mcheshi wetu. Tulisimama hatua nne mbele yake. Sasa tazama pete ya lenzi alivyoiacha."

Mbayuwayu akainama. Pete ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho, kwenye alama ya nane iliyolala ubavu.

"Hapo ni mbali kabisa," mjomba alisema. "Sisi tutatoka ukungu mtupu. Milima ndiyo itatoka safi. Jana mara tatu hivyohivyo, leo mara mbili. Kila kituo! Nikasema nisimwaibishe mtoto wa watu."

Mbayuwayu aligeuka polepole.

Nyuma ya pale walipokuwa wamesimama, ng'ambo ya bonde, ukuta wa bwawa ulikuwa unawaka kwa jua. Milango minne. Ingehesabika hata bila darubini.

Akaitazama tena ile pete.

Mpakani, kadi zote hupitishwa kwenye kompyuta. Mkanda wa filamu haukaguliwi. Ukifunguliwa kabla ya kusafishwa, unaungua. Kwa hiyo unapita salama, shingoni mwa mzee asiye na habari. Kisha mzee anafuatwa hotelini.

Hakuukagua kwa sababu ni wa mjomba. Tabasamu aliuchagua kwa sababu hiyohiyo.

"Mjomba, nipe hiyo kamera."

"Ya nini?"

"Mwache nayo, dada."

Tabasamu alikuwa amerudi. Mkono wa kushoto ulimkumbatia mzee kiunoni. Wa kulia ulikuwa ndani ya jaketi, na jaketi lilikuwa limetuna mbavuni mwa mjomba. Tabasamu lenyewe halikuondoka usoni.

"Mtu wa bima hakagui kamera za wenzake wakiwa mezani," alisema kwa sauti ya chini. "Huo mfuko wa poda, uweke chini. Taratibu. Sasa usukume kwa mguu."

Mfuko ukateleza chini ya uzio, ukapotea bondeni.

"Tutapanda basi sisi watatu kama ndugu. Mzee atabeba kamera yake. Tukivuka, mtakuwa huru."

"Kama mwalimu?" Mbayuwayu aliuliza.

Tabasamu akamvuta mzee karibu zaidi.

Mjomba alikuwa akitazama mbele. Kisha akauliza, kama anayemuuliza mteja kaunta, "Kijana, unazitaka zile tano tu?"

"Nyamaza, Mzee."

"Maana ziko kwenye mkanda mmoja na zangu."

Vidole vyake havikuhitaji macho. Vilishika kitufe cha juu, vikakivuta.

Taki.

Mgongo wa kamera ukafunguka. Mzee aliyelinda giza kwa miaka arobaini alichomoa mkanda wote, akaunyanyua juu, kwenye jua la karibu na adhuhuri.

Macho ya Tabasamu yalifuata mkanda.

Sekunde moja. Ilitosha.

Mbayuwayu alimkamata kifundo cha mkono, akakipinda mpaka kikalia. Risasi ikapiga changarawe. Goti likapanda tumboni, kiwiko kikashuka kisogoni. Tabasamu akalala kifudifudi, na bastola ilikuwa imekwisha kubadili mwenyewe.

Abiria walipiga kelele. Mbayuwayu alimfunga jamaa kwa kamba ya kuvalia kamera, akatoa simu.

"Mkuu. Nimempata. Mwongoza watalii."

"Picha?"

"Zimeungua."

"Na ushahidi?"

"Ana mdomo. Muulizeni yeye, na muulizeni habari za mwalimu."

Akakata.

Mjomba alikuwa amechuchumaa, anaukunja mkanda mkononi kama mtu anayekunja uzi. Picha ishirini na nane. Mashamba ya jana, daraja, ule mwanga wa alfajiri aliouamkia mwenyewe.

"Kwa hiyo hukunileta kwa ajili ya macho yangu," alisema.

"Nilikuleta kwa yote mawili."

"Lipi lilitangulia?"

Mbayuwayu alikuwa amewahi kudanganya akiwa na kisu kooni. Alifungua mdomo, uongo ukakataa kuja.

"Kazi, Mjomba."

Mzee alitikisa kichwa. Hakusema amesamehe. Alitia mkanda uliokufa mfukoni, akasimama, akapapasa hewani mpaka akapata kiwiko cha mpwa wake.

"Upande huu sioni tena. Bonde likoje sasa?"

"Kuna njia mbili za kushuka. Moja ina—"

"Si hivyo. Niambie kama mtu aliyekuja kutembea."

Ving'ora vilianza kusikika kwa mbali. Mbayuwayu alitazama. Kwa mara ya kwanza tangu jana, alitazama.

"Ukungu umeisha," alisema. "Umebaki kidogo tu, umenasa kwenye mti mmoja. Chini kuna mtu anaanika nguo. Nyekundu, halafu nyeupe, halafu nyekundu tena."

Mjomba akampa daftari na kalamu.

"Ishirini na tisa," alisema. "Iandike."

Aliandika, akafunga daftari. Magari ya polisi yalipofika, alimkabidhi Tabasamu, kisha yeye na mjomba wakashika barabara kwa miguu, taratibu, kwa mwendo wa mzee.