Chumvi ya Bibi Tumpe

Kila asubuhi Nesta aliteka maji, akafagia uwanja, ndipo akashika njia ya shule ya misheni huko Igamba. Siku hiyo alitembea kwa madaha. Mwalimu Boazi alikuwa ametaka insha juu ya kazi za wazee, na atakayewashinda wenzake angeisoma mbele ya wazazi Jumapili. Nesta aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Darasani alisoma kwa sauti: "Tulikwenda Ivuna kupika chumvi. Tulikusanya udongo wa chumvi, tukauchuja kwa maji, tukayachemsha maji yale mpaka yakakauka. Moshi ulinitoa machozi, na mtoto alikuwa analia mgongoni..."

"Mtoto!" Watson alidakia. "Mama Nesta, mwanao hajambo?"

Darasa zima likaangua kicheko. Maneno yale Nesta alisimuliwa na jirani yao, Bibi Tumpe, naye akayabeba yote, pamoja na mtoto wa mgongoni.

"Ivuna umefika?" Mwalimu aliuliza kwa upole.

"Sijafika, Mwalimu."

"Basi kairekebishe. Ijumaa nitakusikiliza tena. Ikiwa hivi hivi, atasoma Watson."

Jioni alimkuta mama yake akipepeta mbegu za ulezi.

"Kesho tunapanda Jenista," mama alisema.

Nesta alikuwa akilisikia jina hilo tangu utotoni, lakini leo aliuliza: "Shamba letu, jembe letu. Mbona ulezi ni Jenista?"

"Si Jenista ndiye mama aliyetupa mbegu? Nikiuita kwa jina langu, nitamtazamaje kisimani?"

Nesta akatoka mbio mpaka kwa Bibi Tumpe.

"Shikamoo, Bibi. Nimechukua maneno yako, nikasema ni yangu, hata mtoto wa mgongoni."

Bibi Tumpe alicheka mpaka akajishika mbavu. "Ukambeba na Osea wangu! Sasa hivi ana ndevu! Andika, mjukuu wangu, ila nitaje. Na useme mimi nilifundishwa na shangazi yangu, Teresia."

Ijumaa Mwalimu alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Jumapili Nesta alisimama mbele ya wazazi.

"Mimi sijafika Ivuna. Haya nimeyapata kwa Bibi Tumpe, naye alifundishwa na shangazi yake, Teresia."

"Ndivyo hasa!" Bibi Tumpe aliitikia kutoka kwenye benchi. Watu walicheka, kisha wakatulia kusikiliza mpaka mwisho. Watson ndiye aliyeanza kupiga makofi.

"Mmeona?" Mwalimu Boazi aliwaambia wanafunzi. "Kumtaja Bibi hakukumpunguzia Nesta kitu. Tumemwamini zaidi. Aliyekupa neno mtaje, kama mama zenu wanavyomtaja aliyewapa mbegu. Anayetaka kujua zaidi atajua aende kwa nani."

Na kweli, walipotoka nje, akina mama walikuwa wamekwisha kumzunguka Bibi Tumpe.

"Hebu tuambie," walisema, "udongo wenyewe mliuchujaje?"