Faili Lisilo na Ndugu

Asubuhi ya kwanza ya mfumo mpya, mashine ya kutoa namba za foleni ilitoa karatasi kabla mlango wa ofisi haujafunguliwa. Bwana Masjala aliisikia ikikoroma, kisha ikakata. Alikuwa peke yake ndani. Akaenda akaichomoa ile karatasi: namba moja. Akainua macho kutazama viti vya kusubiria, safu tatu za plastiki ya buluu. Vyote vilikuwa vitupu, ila kimoja cha mwisho karibu na ukuta kilikuwa kimelowa, kana kwamba aliyenyeshewa ndiyo kwanza ameinuka. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Akafuta kiti kwa kitambaa, akajiambia kwamba mashine mpya ni kama ndama, huanza kwa kuyumba.

Walimwita Bwana Masjala kwa sababu alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili katika chumba cha mafaili ya kusajili watu, hadi hata mkubwa wa ofisi alikuwa amesahau jina lake la kuzaliwa. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Binti yake wa pekee aliolewa mji wa mbali, safari ya siku nzima, na sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Walizungumza kwa simu kila Jumapili mchana. Siku nyingine sita, Bwana Masjala alikuwa akisoma kwa sauti maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni, ili nyumba isikie mtu.

Mfumo uliletwa na msichana kutoka makao makuu. Alikuwa hajafika miaka thelathini na hana mtoto, lakini wiki ya kwanza tu walikwishamwita Mama Mfumo, na mwenyewe aliitika. Hakuwa mtu mbaya. Siku aliyofika aliwakusanya wote, akakaa nao, hakusimama mbele yao.

"Niambieni mnachofanya ambacho hakimo kwenye kanuni," alisema. "Hicho ndicho mfumo husahau, na hicho ndicho hutuangusha."

Akasubiri, kalamu mkononi.

"Tunasinzia saa nane," mlinzi akasema, na watu wakacheka.

Bwana Masjala alikuwa na jambo la kusema, akaona aibu. Kulikuwa na faili moja katika rafu ya chini. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kazi, karani mkuu alilitoa, akalifungua, na penye mstari wa ndugu wa karibu akaandika neno moja, inasubiri, na tarehe. Kisha akalirudisha. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia, na huyo na wa kabla yake. Ukurasa ule ulikuwa na miandiko ya watu kumi na mmoja. Mwenye faili alikuwa na kila kitu, urefu, rangi ya macho, hata jina, ingawa hakuna aliyeweza kulikumbuka jina lile mara tu akifunga jalada. Hakuwa na baba, mama wala ndugu. Bwana Masjala hakuwahi kuuliza kwa nini. Ofisini mengi hufanywa kwa sababu yalifanywa jana, na mara nyingi hiyo si sababu mbaya.

Siku moja kabla ya asubuhi ile ya kwanza, wageni wa wizara wakisubiriwa kuja kuzindua, mafaili elfu sitini yalikuwa yamekwishaingizwa. Moja lilikuwa limegoma. Penye ndugu wa karibu, kisanduku kilikuwa chekundu. Bwana Masjala aliandika neno lake la kila mwaka, na mashine ikamjibu: chagua mtu aliyesajiliwa.

"Nisaidie, mzee wangu," Mama Mfumo alisema, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. "Faili moja tu. Mweke yeyote aliye hai, tutarekebisha baadaye."

Akaandika jina lake mwenyewe. Uhusiano: kaka. Hakuona nani angeumia. Na ukweli ni kwamba ilimpendeza kidogo, kuliona jina lake pale kama ndugu wa mtu. Kisanduku kikawa kijani. Jioni hiyo lori likaja kuchukua makaratasi yote kwenda kusagwa.

Siku ya tatu baada ya uzinduzi, mlinzi alimsimamisha getini.

"Leo mmepishana njia na mdogo wako?"

"Mdogo wangu yupi?"

"Haya, umeamka na mizaha. Kapita sasa hivi, kanisalimia vizuri kuliko wewe."

"Mimi sina mdogo. Unanijua miaka yote hii."

Mlinzi akamtazama kwa huruma, akashusha sauti. "Mmegombana? Basi mimi simo. Ndugu wakigombana, mwenye akili hushika jembe akalime."

Alicheka ili mambo yaishe. Lakini aliporudi nyumbani, mchana wa jua kali, alikuta taulo lake limelowa chepechepe na limeanikwa kwa uangalifu, pembe kwa pembe, kama anavyoanika mtu mwenye adabu katika nyumba ya nduguye. Chumba kizima kilinuka karatasi iliyonyeshewa. Alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka, ilisogea tu, ikaenda kusimama kwenye korido.

Kesho yake alimfuata Mama Mfumo.

"Lile faili," alimwambia. "Naomba unitoe mle."

"Mfumo unaruhusu kubadilisha, hauruhusu kufuta. Ukimtoa ndugu, lazima umweke mwingine wa ukoo huohuo." Akabonyeza, na orodha ikafunguka. Ilikuwa na jina moja tu, la binti yake.

"Achana nayo," alisema haraka.

Mama Mfumo akageuza kiti. "Kuna tatizo gani kati yenu, mzee? Juzi tulikula naye kantini. Mpole sana. Hakula kitu, alikuwa anakusifu tu."

Bwana Masjala alitazama uso wake, akitafuta utani, hakuuona. Msichana yule mwerevu, aliyezoea kuhakiki kila kitu mara mbili, alikuwa anakumbuka. Ndipo alipoelewa kwamba yaliyoandikwa mle ndani yalikuwa yameanza kuwaingia watu vichwani, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyebaki nje ya kumbukumbu hiyo, kama mtu aliyechelewa kufika kwenye msiba na kukuta wenzake wote wanamlilia marehemu asiyemjua.

Jumapili binti yake alipiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo?"

"Mgongo si wangu tena, ni wa mjukuu wako. Anapiga mateke usiku na mchana, utadhani kuna mtu anamtoa kitini." Akacheka, akakohoa. "Baba, nakuomba jambo. Mwambie baba mdogo apunguze kunipigia. Kila siku saa saba, mume wangu anaanza kuuliza."

Bwana Masjala alishika ukingo wa meza. "Baba mdogo gani?"

"Jamani, baba. Si yule aliyekuwa akinibeba mabegani, nikimshika nywele? Zilikuwa zimelowa kila wakati. Nakumbuka mikono yangu ilikuwa ikinuka karatasi."

Yeye ndiye aliyembeba. Alikumbuka uzito wake, visigino vyake vikimgonga kifuani, na mkewe akiwafuata nyuma akisema, utamwangusha mtoto wa watu. Kumbukumbu hiyo ilikuwa imehamishwa kama faili linavyohamishwa, bila kupotea hata ukurasa mmoja.

"Anataka nini?" aliuliza polepole.

"Anauliza tarehe ya kujifungua. Anasema nisihangaike na jina la mtoto, jina analo. Na atakwenda kumwandikisha mwenyewe, maana ana haki hiyo. Baba, mtoto husimama kabisa akisikia sauti yake. Hachezi, hapigi teke. Husimama kama anayesikiliza akiitwa."

Alitaka kumjibu, lakini kwenye simu alisikia mtu wa tatu akipumua, pumzi nzito yenye maji ndani yake, kama ya mtu aliyepanda ngazi nyingi kutoka chumba cha chini sana, naye akabana simu sikioni zaidi ili asikie ni upande gani, upande wa binti yake au wa waya, hadi alipotambua kwamba pumzi ile haikutoka kwenye simu kabisa, ilitoka kwenye kiti kilichokuwa mkono wake wa kushoto, kile cha marehemu mkewe, ambacho tangu asubuhi hakuwa amekitazama.

Hakukitazama hata wakati ule. Alimuaga binti yake, akavaa viatu, akatoka.

Mganga ambaye alielekezwa kwake alikuwa mama fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, aliyetibu watu Jumapili kwa sababu siku nyingine hakuwa na nafasi. Alimsikiliza hadi mwisho, pini zimejaa mdomoni, mguu ukikanyaga cherehani. Kisha mguu ukasimama.

"Nimeletewa waliowakanyaga mashetani," alisema, akitoa pini moja. "Nimeletewa waliowamwagia maji ya moto, na wengine wamewapenda. Wewe ni wa kwanza kumsajili."

"Mtoe, mama. Nitafanya chochote."

"Kumtoa naweza. Ila huyu uliyemwita ndugu hatashuka barabarani kama wengine. Atashuka kwenye damu, kwa anayekufuata."

"Kwa binti yangu."

"Na ukimwacha atamfikia vilevile, kwa njia ya heshima, kama baba mdogo. Huyu hakukujia wewe, kaka yangu. Anataka kuzaliwa. Wewe ni daraja tu."

Sare ndogo za buluu zilining'inia ukutani, mikono mitupu.

"Wale makarani wa zamani walijua?" aliuliza.

"Labda wa kwanza alijua. Waliobaki walikuwa na adabu, na adabu ilitosha." Akatoa pini ya mwisho. "Upande wake wa daraja huwezi kuuvunja, umekwisha kuukubali kwa mkono wako. Lakini daraja lina pande mbili."

Alikuwa karani. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Jumatatu, saa ya chakula, ofisi ilipokuwa tupu, alifungua kumbukumbu za binti yake. Penye baba palikuwa na jina lake. Chini yake, mfumo ulimpa maneno matatu ya kuchagua: hai, marehemu, hajulikani. Alilitazama lile la katikati kwa muda. Lingekuwa jepesi, binti angemlilia siku kadhaa, kisha angekuwa na kaburi la kuzuru. Lakini alijua, kama anavyojua kila mwenye ukoo, kwamba baba akifa, ndugu yake ndiye huchukua watoto.

Likabaki la tatu. Akamwaza mkewe, ambaye alikuwa mwanamke wa heshima na sasa angeandikwa kama aliyezaa na mtu asiyejulikana, akamwomba radhi kwa sauti ndogo, na alipokuwa akimwomba radhi alisikia kutoka chumba cha nyuma, kule ambako rafu zilikuwa zimeng'olewa na sakafu kubaki na alama zao nyeupe, nyayo zilizolowa zikija bila haraka, zikipita mahali ambapo rafu ya kwanza ilikuwa, zikizunguka pembe ya rafu ya pili kana kwamba bado ipo, na harufu ikizitangulia, na yeye akawaza visigino vidogo kifuani, akawaza jinsi vitakavyokuwa vyake peke yake sasa bila mtu mwingine duniani wa kuvikumbuka pamoja naye, akabonyeza.

Mashine ikauliza: una hakika? Akabonyeza tena.

Nyayo zikasimama.

Alichukua simu, akapiga namba aliyoijua kwa moyo.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Ilikuwa sauti yake ileile. "Samahani," alisema. "Nadhani nimekosea namba."

"Hakuna neno, mzee."

"Sauti yako imechoka."

Akacheka kidogo, kwa adabu anayopewa mtu mgeni. "Nina mimba kubwa, mzee wangu, ndiyo maana. Ila leo afadhali. Sasa hivi ametulia, amelala kabisa. Sijui nini kimemjia."

"Vizuri. Mwache alale. Unaishi na watu wanaokuangalia?"

"Nina mume wangu na wifi zangu. Wananitosha. Haya, mzee, itafute hiyo namba yako. Huyo unayempigia atakuwa anakungoja."

Simu ikakatika. Aliendelea kuishikilia sikioni, kwa sababu hakukumbuka mkono huwekwa wapi baada ya hapo.

Kando yake kiti kilivutwa. Mtu aliketi, bega lake lililolowa likagusa bega la Bwana Masjala, na ubaridi ukapita kwenye shati mpaka kwenye ngozi. Sauti iliyomuuliza ilikuwa yake mwenyewe, ila yenye maji ndani.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Simjui," alisema Bwana Masjala.

Yule akatafakari kwa muda mrefu. Labda naye alikuwa amesikitika. Miaka yote ile katika rafu ya chini si michache. Kisha mkono wa baridi ukaja ukatua taratibu kisogoni pake, ukakaa, kama ndugu wanavyowekeana mikono makaburini watu wengine wakishaondoka.

"Basi usilie, kaka," alisema. "Mimi nipo."