Mtetemeko Haukutaja Gilgil

Mwaka wa 1957, kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, Samsam na Nyakio wa darasa la sita mjini Nakuru walikagua chombo alichokiunda Mwalimu Dalmas. Jiwe zito lilining'inia darini, na sindano yake ilichora mstari kwenye karatasi yenye masizi iliyozungushwa polepole na saa. Ardhi ikitikisika, mstari ulipinda. Hata lori likipita, ulipinda.

Jumatatu moja ardhi ilitetemeka kweli. Mwalimu akawaambia wapime muda kati ya wimbi la kwanza la mtetemeko, lenye kasi, na la pili, la polepole, wakadirie umbali wa chanzo; muda ukiwa mrefu, chanzo kiko mbali.

"Kilomita arobaini!" Samsam alijibu upesi.

"Sina hakika, mwalimu," Nyakio alisema. "Gari moshi lilikuwa likipita, kwa hivyo wimbi la pili halionekani lilipoanzia. Huenda ni thelathini, huenda ni hamsini."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Hilo ndilo jibu bora," akasema, akamfanya Nyakio msimamizi wa chombo.

Samsam aliona wivu. Nafasi ile alikuwa ameitamani muhula mzima. Njiani Nyakio alimwita, Samsam akajifanya hasikii. Nyumbani mama yake, Bi Kadija, alipomuuliza habari za mtetemeko, Samsam alitaka angalau mtu mmoja amwone yeye ndiye mjuzi.

"Tumepima, mama. Umetoka Gilgil hasa, kilomita arobaini, na utarudi."

Bi Kadija alishtuka. Mdogo wake, Kuluthum, aliishi Gilgil na alikuwa amejifungua juzi tu. Akamtumia habari kupitia dereva wa lori. Kuluthum akaihama nyumba, akalala uwanjani na mtoto kwenye baridi. Alhamisi habari zikarudi: mtoto ana homa, anapumua kwa shida.

Samsam aliangua kilio, akasema ukweli. Mama alimshika mkono mpaka kwa mwalimu.

"Chombo kimoja hakionyeshi upande, Bi Kadija," mwalimu alieleza. "Na kama utarudi, hakuna ajuaye."

Mama alipanda lori siku hiyohiyo, akamrudisha mdogo wake ndani na kumpeleka mtoto zahanati. Baada ya wiki mbili mtoto alipona.

Samsam alimwendea mwalimu, Nyakio akiwapo. "Nilimwonea wivu," akasema, macho chini.

"Nyakio alituambia hata asichokijua," mwalimu alijibu. "Ndiyo maana nilimwamini. Ukipima, sema ulichokiona, kisha sema una shaka wapi. Kuna mtu atakayelifuata neno lako, Samsam, na pengine amembeba mtoto."