Harufu ya Ndizi Mbivu

Ndizi hazikuwamo katika chumba cha hospitali, lakini harufu yake ilikuwamo. Francine aliinama chini ya kitanda cha mama yake, Odile, akapekua kikapu, akakuta sabuni na sufuria ya wali tu.

"Mama, unasikia hii harufu?"

"Inatoka kule," Odile alinong'ona, akionyesha kwa kidevu kitanda cha Gisèle.

Gisèle, mkulima wa kijiji cha Tunda, alikuwa na mguu uliooza tangu vita. Risasi ilimpata mwaka mji wa Kindu ulipozingirwa, wakati dawa haikuja kwa treni wala kwa ndege. Kila majeruhi aligawiwa vidonge viwili vitatu. Homa ikishuka basi, vilivyobaki apewe mwenzake. Jini lililoingia mfupani pamoja na risasi likaonja dawa kidogo kidogo, likaizoea, likanenepa. Jini shenzi! Sasa kila serumu, chupa ya dawa ya mshipani, ilipotundikwa, bandeji iligeuka kijani na sauti ikacheka ndani ya mguu: "Hiyo nilishakula."

Odile alikuwa na kansa ya titi, na dawa zake zilimwacha bila kinga mwilini. Dokta Claire alimwonya Francine: "Mutu asimuguse bila kunawa. Hata miye." Francine akalinda kwelikweli. Alifukuza mashangazi, akamnyima mkono hata katekista.

Asubuhi moja akaja Mwalimu Ismaël, mtoa majini, kwa ajili ya Gisèle. Alikandamiza kidonda kwa viganja vyote viwili akisoma aya, na jini likapiga kelele, vioo vikatetemeka, Gisèle akajikunja huku sauti ile ikipanda toka mguuni, ikapita tumboni, ikafika kooni na kukatika ghafla, na harufu ile ya ndizi iliyowanyima watu kula ikatoweka.

"Ameshatoka!" Gisèle alilia. "Ndo mwisho yake!"

Vigelegele vikajaa chumbani. Francine naye akalia kwa furaha. Kumbe dawa ilikuwa hii! Akamkimbilia Mwalimu, akamdaka mkono kabla hajafika kwenye ndoo ya kunawia.

"Baba Mwalimu, nakuomba, uwekee mama mikono. Iko na ugonjwa mubaya sana."

Ismaël, akitiririka jasho, akaweka viganja vyake juu ya kidonda cha upasuaji kifuani kwa Odile. Akasoma taratibu. Odile akafumba macho, akatabasamu.

Francine akainama kumbusu. Kifua cha mama yake kilinukia ndizi mbivu, na chini ya bandeji kitu kikacheka.