Shujaa wa Pazia la Kijani

Siku Pokuaa alipomwona Bediako kwa mara ya kwanza, alikuwa na hasira na wanaume wote wa Kumasi. Wiki nzima alikuwa ameketi nyuma ya meza akiwasaili waigizaji, na wiki nzima walikuwa wakiikonyeza kamera. Kazi yake ilikuwa kumtafutia Dairekta Oppong mtu wa kuigiza Shujaa Radi, yule wa katuni ya gazeti la zamani: mpiga pasi aliyepigwa na radi akapata uwezo wa kuruka angani, ila haruki juu kuliko kimo cha mbuzi. Kila mchekeshaji wa mji alikuja. Kila mmoja alitoa macho, akajiangusha, akavuta suruali mpaka kifuani.

"Hawa wanajua kwamba wanachekesha!" Dairekta alipiga meza. "Mtu akijua, ameshaharibika. Pokuaa, nitafutie asiyejua."

Asiyejua! Utampata wapi mtu wa namna hiyo? Pokuaa alibeba kikapu chake akaenda zake sokoni Kejetia kununua nyanya.

Kwenye kichochoro cha vitambaa njia ilikuwa imeziba. Bibi mmoja alikuwa ameteleza, sinia lake la mayai liko chini, salama kwa neema ya Mungu tu, na wapagazi wanakuja mbio na mizigo kichwani wakipiga kelele wapishwe. Ndipo kijana mrefu akatoka dukani, shati limepigwa pasi likanyooka, tai shingoni kwenye joto lile, futi ya kupimia nguo mkononi. Akasimama mbele ya mayai, akanyoosha mkono.

"Enyi watu wa Kumasi! Simameni! Mayai haya yana mwenyewe, na mwenyewe ni mzee! Atakayepita, atapita juu ya maiti yangu!"

Watu wakasimama. Kisha kichochoro kizima kikaangua kicheko, na Pokuaa naye akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kijana akageuka. Hakutabasamu hata kidogo.

"Dada, kuna lililokuchekesha?"

"Hapana, kaka yangu, samahani. Umenifurahisha tu."

"Mayai yangevunjika."

"Najua."

"Basi sioni cha kucheka," alisema, akainama kumsaidia bibi.

Moyo wa Pokuaa ulilia paa. Alijiambia ni furaha ya kazi, kwamba amempata Radi wake. Watu hujiambia mengi. Jioni alikuwa bado anauona ule uso usiotabasamu.

Bediako alikuwa akiuza nguo za msiba, nyekundu na nyeusi, na alikuwa muuzaji bora kwa sababu hakuna mfiwa aliyewahi kuona meno yake. Alipoambiwa habari ya filamu aliuliza kwanza kama shujaa mwenyewe ni mtu wa heshima.

"Wa heshima sana," alisema Pokuaa, na hapo hakudanganya.

Uongo ulikuwa kwenye pazia la kijani. Bediako alilazwa juu ya meza, pazia nyuma yake, joho jekundu linapeperushwa na feni, akaambiwa aone Kumasi yote chini ya miguu yake. Akaiona. "Wananchi, msiogope! Nipo juu yenu!" alinguruma, na sauti yake ilitetemeka kwa upendo wa wananchi. Soko na mbuzi vingewekwa baadaye, studioni, mahali pa lile pazia. Dairekta alikuwa ametangaza kwamba atakayecheka mbele ya Bediako atafukuzwa kazi, basi watu waliuma vitambaa, wengine wakajifanya wanakohoa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Bediako alivua kofia akasali.

Mapenzi nayo hayakungoja ruhusa. Walikuwa wakikaa mtaa wa Bantama mchana, kwa mama mmoja anayekaanga ndizi za pilipili, Pokuaa katika gauni lake la njano, Bediako na tai yake.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nakutazama unavyokula. Unakula kama unahutubia bunge."

"Chakula kinataka heshima."

"Na mimi je?"

"Wewe unataka zaidi ya heshima. Ila hapa tupo barabarani."

Pokuaa alicheka, akampiga kofi la begani. Yeye akatulia, akamtazama akicheka, kama mtu anayeota jua la asubuhi.

"Wewe unacheka kwa raha," alimwambia. "Wengine hunicheka mimi. Shuleni nilisimama kusoma shairi, nikalisoma kwa moyo wangu wote, mpaka mwalimu akacheka. Kanisani nilisoma Injili ya Ijumaa Kuu. Ijumaa Kuu, Pokuaa! Wanakwaya walijificha nyuma ya vitabu. Nikaapa sisimami tena mbele za watu. Wewe ndiye umenisimamisha. Kwenye filamu hii hakuna anayecheka."

Pokuaa aliweka sahani chini.

"Bediako, kuna kitu nataka kukwambia."

"Sema, mpenzi."

Alimtazama. Angesema pale pale, mambo yangekuwa mengine. Lakini zilikuwa zimebaki siku chache za kazi, na Dairekta alikuwa ameweka kila kitu chake kwenye filamu ile, na macho ya Bediako yalikuwa yamejaa imani kama ya mtoto.

"Una pilipili kidevuni," alisema, akampangusa.

Usiku haukai bila kucha. Siku ya onyesho la kwanza ikakaribia, na Pokuaa akapiga simu.

"Mpenzi, kesho usije. Twende zetu ziwani Bosomtwe, mimi na wewe tu. Tule samaki."

"Usinichekeshe. Mama ameshashona nguo. Kwaya nzima inakuja."

"Kwaya nzima?"

"Na mchungaji."

Pokuaa alifumba macho. "Sikiliza basi. Ile filamu ina vichekesho kidogo."

"Vichekesho? Wapi? Mimi si nilikuwepo?"

"Vimeongezwa."

"Aaa, wale wezi wa benki. Wale kweli ni vichekesho." Kisha sauti ikashuka. "Pokuaa. Au unaona haya kuonekana na muuza nguo za msiba mbele ya wakubwa wenu?"

"Toba! Unasema nini wewe?"

"Basi nitakuja. Na nikitoka pale nina neno nataka kukuuliza, uvae vizuri."

Akavaa vizuri. Lesi ya buluu, kilemba, hereni za mama yake. Alivaa kama anayekwenda harusini, akatembea kama anayekwenda mahakamani. Bediako alikuwa na suti nyeusi, na mama yake, Maame Afrakoma, alikuwa amemshika mkono, amevaa nyeupe kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, anamwambia kila anayepita, "Huyu ndiye shujaa. Nimemzaa mimi."

Ukumbini taa zikazimwa. Radi akatokea, joho likipepea, uso umejaa huruma. "Wananchi, msiogope! Nipo juu yenu!" Kamera ikarudi nyuma, na ndipo ikaonekana yupo wapi: anapita katikati ya miguu ya watu sokoni, tumbo linakaribia kukwaruza lami, na mbuzi mmoja anamtazama kwa juu, anamdharau, kisha anampita mbio.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga viti. Mchungaji alivua miwani akafuta machozi. Bediako aligeuka nyuma kuona nani anacheka, akageuka kulia, akageuka kushoto. Walikuwa wanacheka wote. Maame Afrakoma alikuwa amejikunja, leso mdomoni.

"Yesu wangu, mwanangu ataniua leo! Hukuniambia unajua kuchekesha hivi!"

Bediako alimtazama mama yake kwa muda. Kisha akatabasamu, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza.

"Nilitaka kukushtukiza, mama."

Nje, karibu na mageti, hakupaza sauti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Bediako, nisikilize, mimi—"

"Nikisali asubuhi, ninyi mlikuwa mnakwenda kuchekea wapi?"

Angeweza kudanganya tena. Alikuwa amechoka. "Nyuma ya gari la jenereta."

"Na wewe?"

"Siku mbili tatu. Za mwanzo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei. Neno alilotaka kumuuliza hakumuuliza. Alimchukua mama yake, wakaenda.

Filamu ilishika mji kama moto wa kiangazi. Watoto walitembea wameinama, mikono mbele, wakilia kama mbuzi. Pokuaa alipiga simu asubuhi, mchana, jioni; simu iliita mpaka ikachoka. Aliandika ujumbe, akafuta, akaandika tena. Huko dukani akaja mjane, mumewe hajazikwa, anataka kitambaa cheusi. Bediako akanyoosha mkono kupima, na mjane akaangua kicheko. Alicheka akashindwa kujizuia, kisha akalia kwa aibu, akaondoka bila kununua. Mwenye duka alikuwa mtu mwema. Alimhamishia Bediako stoo, nyuma, ambako hakuna mfiwa atakayemwona.

Dairekta Oppong naye alimwita kwa sehemu ya pili. Bediako akaenda, maana stoo hailipi. Akalala mezani, pazia nyuma yake, akasema maneno yale yale. Hakuna aliyehitaji kuuma kitambaa. Bediako alikuwa anajua sasa kwamba anachekesha. "Amekuwa kama wale wengine," alisema Dairekta, akamtafuta mwingine.

Pokuaa aliposikia hilo aliacha kazi, akaenda moja kwa moja stoo. Alimkuta ameketi juu ya majora mekundu, tai imelegea. Hakuwahi kuiona imelegea.

"Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kupigwa ukitaka kunipiga."

"Kaa."

Alikaa. "Sikukupenda kwa sababu unachekesha."

"Ulinipendea nini?"

"Ulisimama mbele ya wapagazi kwa ajili ya mayai ya bibi usiyemjua. Mimi sijawahi kukutana na mtu anayesimama hivyo. Nilicheka kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya."

Bediako alikunja pindo la kitambaa, akalikunjua.

"Nimechoka kukukasirikia," alisema mwishowe. "Kila nikikukasirikia nakukumbuka. Afadhali nikuoe nipate kupumzika."

Pokuaa alimwangukia kifuani akalia. Mapenzi yao yakarudi, lakini hayakurudi yote. Walipokula ndizi Bantama, Pokuaa aliangalia sahani. Alipoongea simuni, alichunga sauti. Akisema Bediako jambo kwa ule uzito wake, Pokuaa aliinuka kwenda kuchota maji. Alijua anachofanya, na alidhani Bediako hajui.

Jumapili moja baada ya ibada familia ya Bediako ikaja kubisha hodi Asafo, nyumbani kwa kina Pokuaa, na chupa mbili za pombe kali za kuombea posa, kama desturi inavyotaka. Wajomba wa Pokuaa walikaa safu moja, mashuka ya heshima begani. Mjomba wa Bediako akasema wameona ua zuri katika nyumba hii na wangependa kulichuma. Yakasemwa yanayosemwa. Mpaka mjomba mkubwa wa Pokuaa, mzee Agyenim, kwa wema wake tu, akasema, "Na bwana harusi mwenyewe tumsikie."

Bediako akasimama. Alitupa vazi begani, akanyoosha mkono.

"Wazee wangu! Nimekuja kuomba mkono wa binti yenu. Nitamlinda kwenye jua na kwenye mvua. Atakayetaka kumdhuru, atanikuta mimi kwanza!"

Mjomba mmoja alitazama dari. Mwingine aliinama kutafuta kandambili iliyokuwa mguuni mwake. Mzee Agyenim alikohoa, akamgeukia Pokuaa.

"Binti, tuzipokee chupa hizi?"

Pokuaa alimtazama Bediako pale alipokuwa amesimama, na alimpenda mpaka akahisi maumivu. Na kutoka humo humo kwenye mapenzi, kicheko kikapanda. Akaogopa. Akabana midomo, akajifinya paja ndani ya nguo, akainamisha kichwa.

"Zipokeeni, mjomba," alisema.

Alipoinua macho, Bediako alikuwa bado anamtazama. Sura ile ya kujibana Bediako aliifahamu. Alikuwa ameiona kwa wiki nyingi, kwa watu wa nyuma ya kamera, akidhani ni heshima.

"Wazee, nisameheni," alisema. "Naomba niongee naye kwanza."

Wakaingia jikoni. Shangazi aliyekuwa anakoroga supu akawapisha.

"Ulikizuia," alisema Bediako.

"Nilikizuia kwa ajili yako."

"Najua. Unakizuia kila siku. Unakwenda kuchota maji hata kiu huna."

"Kilikuwa cha mapenzi, haki ya Mungu! Nikicheka, si utaumia?"

"Nitaumia."

"Na nisipocheka?"

"Nimeumia."

Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Basi niambie nifanye nini. Nitafanya lolote."

"Hakuna cha kufanya, mpenzi." Alisema kwa upole kabisa, kama alivyokuwa akisema na wafiwa. "Ndicho nilichokiona pale sasa hivi. Tungekaa mezani mpaka uzee, wewe unajibana, mimi nakuangalia unavyojibana. Hukufanya kosa leo. Leo umefanya vizuri kabisa, na bado."

Akamshika shavu, akamfuta kwa kidole gumba. Kisha akatoka, akawaomba radhi wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili, akamshika mkono mjomba wake, wakateremka ngazi.

Pokuaa alibaki ameshika ukingo wa meza. Sebuleni wajomba walikaa kimya, watu wazima, watu wa heshima, waliokuwa wamejikaza kwa nguvu zao zote. Mmoja akaponyokwa na kicheko puani. Wa pili akamwambia, "Nyamaza wewe!" na sauti ikamkatika katikati. Basi. Wote wakapasuka, wakapiga mapaja, mzee Agyenim akilia machozi na kuomba maji.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na kicheko kikatoka mpaka barabarani. Pokuaa alimwona Bediako barabarani, hajafika hata kwenye kona, akisimama kidogo na vazi lake begani. Hakugeuka. Alimsubiri mjomba wake mzee amfikie, akamshika kiwiko, akamvusha barabara.