Halikuwa Fumbo

Lifti ilikwama saa ile watu wanapotoka kazini, ukumbi wa chini umejaa kama soko. Ndani walikuwamo wanne: mwanasheria mmoja aliyeanza kulegeza tai, mama wawili na mifuko yao ya manunuzi, na msusi wa saluni ya ghorofa ya nne, binti wa gauni la njano na vibanio vya nywele vimechomekwa kwenye kola, ambaye jengo zima lilimwita Kitana.

Taa ilizimika. Mmoja wa wale mama akaanza kuomba Mungu kwa sauti.

Sasa Kitana alikuwa na ugonjwa mmoja: akiogopa, mdomo haufungi.

"Tulieni jamani, tuko salama," alisema. "Lile shairi si linasema, 'Ilipanda na watano, ikashuka na wanne'? Sisi tumeshakuwa wanne. Hakuna wa kupunguza."

"We Kitana, nyamaza! Uchuro gani huo?" mama alifoka gizani.

Upande wa pili wa mlango chuma kiligonga chuma, kisha kimya. Halafu sauti ya mwanaume ikauliza taratibu, "Nani anasoma shairi humo ndani?"

"Fungua kwanza, kaka, maswali baadaye!" mwanasheria alipiga kelele.

Mlango ukafunguliwa nusu. Fundi alikuwa amepiga magoti juu yao, ovaroli ya bluu imechakaa magotini, ndevu nyingi, nywele zimesokotana, macho ya mtu asiyelala vizuri. Akawavuta mmoja mmoja. Kitana alikuwa wa mwisho, na fundi hakuuachia mkono wake upesi.

"Wewe ndiye Kitana wa Tungo za Giza?"

Kitana aliona aibu kama aliyekutwa anaongea peke yake. Tungo za Giza lilikuwa kundi la mtandaoni la watu maelfu waliokusanyika kusoma mashairi ya kukatisha tamaa: magereza, ahadi za wakubwa, makaburi yasiyo na majina. Mfalme wao alikuwa mshairi aliyejiita Kisima, ambaye hakuna aliyemjua sura. Akiweka shairi tu, maoni yanamwagika: "Kalamu ya moto!" "Umetumaliza!" "Tupe jingine, chungu zaidi!" Siku alipoweka lile la lifti, Kitana, baada ya kulia hadi mteja akamuuliza kama kafiwa, aliandika: "Mwandishi, lakini wewe umekula?" Kundi zima lilimcheka. Wakamwita mama lishe wa washairi.

"Na wewe ulinicheka, siyo?" alimuuliza fundi.

"Mimi sikucheka hata kidogo," fundi alijibu.

Ndivyo yalivyoanza. Fundi alimpigia simu kesho yake, na keshokutwa, na kila alipopata nafasi kazini, sauti yake ikija na mwangwi.

"Uko wapi leo?"

"Shimoni, chini ya lifti."

"Toka huko bwana, unaongea kama marehemu."

"Marehemu gani anayekumbuka rangi ya gauni lako?"

"Rangi gani?"

"Njano. Ulipopanda kutoka mle ndani nilidhani kumekucha."

Kitana akacheka mpaka akaunguza nywele za mteja. Dada yake mkubwa, mwenye saluni, alimtazama kwenye kioo akatikisa kichwa. "Fundi wa lifti! Haya, mdogo wangu. Mapenzi ya kupanda na kushuka hayo."

"Yanapanda tu, dada."

"Kila kinachopanda kina breki. Muulize yeye mwenyewe."

Lakini hata dada alimpenda. Fundi alikuja na bisibisi mfukoni, akakaza bawaba za milango bila kuombwa, akasikiliza umbea wa wateja kama mtu anayeota moto. Kilichomsumbua Kitana ni kimoja tu: mwanaume huyu alicheka kwa mdomo, macho hayakuwahi kumfuata.

Jumapili moja mchana walikuwa chumbani kwake fundi, Kitana kichwa mapajani mwa mwenzake, simu mkononi; fundi ndiyo kwanza ameiweka yake pembeni. "Ee! Kisima kaweka jingine, dakika hii hii!" Akaanza kumsomea. Alipofika ubeti wa mwisho, fundi aliumalizia kwa kunong'ona, akitazama dari.

Kitana akainuka polepole. "Umelisoma saa ngapi?"

Fundi akafumba macho.

"Limewekwa sasa hivi, mpenzi. Umelisoma saa ngapi?"

Akamweleza basi, bila kumtazama. Kaka yake alikuwa mwalimu. Alisimama kwenye mkutano akasema lililo moyoni mwa wote, na wiki hiyo hiyo akaitwa kwenye lile jengo refu la serikali kujibu maswali machache. Siku hiyo fundi alikuwa pale kazini, anafunga kisanduku cha waya ukutani. Akamwona kaka yake anaingia na wanaume wanne. Kaka alimkonyeza, kama kumwambia, usinijue. Naye hakumjua. Milango ikafungwa. Baadaye lifti ikashuka na wale wanne, wanaongea habari za mpira.

"Na bado unaitengeneza hiyo lifti?" Kitana aliuliza.

"Kila mwezi naipaka grisi."

"Kwa nini usiache kazi?"

"Nikiacha, nani atabaki anayejua aliingilia mlango gani?"

Kitana alimkumbatia, akahisi mwili wa mwanaume mzima unatetemeka kama mashine iliyopandishwa uzito usio wake. Alipotulia, fundi alisema neno moja tu: "Yasitoke hapa." Kitana akaapa kwa mama yake.

Kiapo ni rahisi mtu akiwa amekumbatiwa. Mtandaoni watu walizidi kulichambua lile shairi la lifti. Bwana mmoja aliyejiita Mchambuzi aliandika waraka mrefu kuthibitisha kwamba lifti ni uchumi na wa tano ni mkulima. Mwingine akasema wa tano ni demokrasia. Wakabishana, wakatukanana, wakapatana. Kitana alisoma na kuuma meno. Kisha Mchambuzi akaandika: "Tusidanganyane. Huyu Kisima ni mtoto wa sofa. Hajawahi kupoteza hata paka. Anatuuzia machozi ya kukodi." Mamia wakapiga makofi.

Mikono ya Kitana ilikuwa na mafuta ya nywele. Akaifuta kwenye aproni, akaandika: "Halikuwa fumbo. Aliyepanda alikuwa kaka yake, na yeye aliona kwa macho yake." Akatuma.

Mioyo ikamiminika. Watu wakaomba radhi, wakalia, wakawasha mishumaa ya michoro. Mchambuzi alinywea. Furaha ya Kitana ilidumu muda wa kuosha kichwa kimoja. Alipokuwa anakausha cha pili, akakumbuka kiapo chake. Akaiwahi simu, akafuta maneno. Lakini maji yalishamwagika. Walishayapiga picha, yanazunguka kundi hadi kundi.

Simu ikaita.

"Kitana. Umeandika nini?"

"Nimeshafuta, mpenzi, nimefuta..."

"Nimekuuliza umeandika nini."

"Nilikutetea! Walikuwa wanakuvua nguo hadharani."

"Nani alikwambia nina kesi?" Sauti haikuwa na mwangwi safari hii. Alikuwa amesimama mahali pa wazi. "Mafundi wa lile jengo tuko wawili. Mwenzangu hana kaka."

"Nisamehe. Sikiliza, niko chini ya miguu yako..."

"Walipokuwa wananiomba damu, wewe peke yako uliniona mtu. Nilidhani uko tofauti. Kumbe na wewe ulitaka kusomwa."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupatikana. Haikupatikana siku iliyofuata, wala wiki nzima. Kazini kwake walimwambia haonekani, kisha mmoja akamvuta pembeni: "Dada, usije tena hapa. Kuna wengine wanamuulizia, na wao hawalii." Kesho yake mwanaume wa shati lililonyooka alikuja saluni, akakaa kwenye benchi la wateja asubuhi yote, akipekua gazeti lilelile. Hakuwa na nywele za kunyoa. Dada aliwasha mashine zote za kukaushia, ili wasisikie hata kimya chake.

Mchana huo huo Kitana alipitia mlango wa nyuma, akabadilisha njia mara kadhaa, akaenda kwa mama yake fundi. Walikuwa wamekutana mara moja tu. Bi mkubwa yule alijipatia riziki kwa kupiga pasi nguo za watu, na Kitana alimkuta ameinamia meza yake, mvuke umemzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Pasi haikusimama. "Wewe ndiye mwenye mdomo."

Kitana alipiga magoti pale pale mlangoni. "Ndimi, mama."

"Mimi sikusoma. Wananiambia mwanangu kaandika kitu kuhusu kaka yake. Watu wote wamekisikia isipokuwa mimi niliyewazaa. Nisomee."

Akamsomea, magoti bado sakafuni. Ilipanda na watano, ikashuka na wanne. Wa tano hakuulizwa jina, na mlango ulisahau sura yake. Mama aliisimamisha pasi.

"Hakuulizwa jina? Hapo kakosea. Kaka yake angewatajia hata wasipomuuliza, na jina la babu yake juu. Mtoto alikuwa na domo yule!" Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akashika ukingo wa meza. Kitana aliinuka kumsaidia, mama akamzuia kwa mkono. "Na wewe uliandikaje?"

"Niliandika... kwamba halikuwa fumbo. Kwamba alikuwa kaka yake."

Mama aliinua shati mezani. "Majirani wananiambia amesafiri. Miaka yote hii naitikia, ndiyo, amesafiri, atarudi. Wewe ndiye wa kwanza kusema alipanda." Akajifuta uso kwa shati la mteja. "Umeniponza kwa mmoja, umenirudishia mmoja. Sijui nikupige au nikukumbatie, mwanangu."

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Fundi alikuwa amesimama pale, kakonda, ovaroli imemning'inia.

"Mama, niachie mimi," alisema.

Kitana hakumsogelea, aliogopa. "Nilitaka wajue wewe ni mtu," alisema. "Si kusomwa. Wallahi si kusomwa."

"Najua. Nilijua hata nilipokuwa nasema." Akaketi kama mzee. "Nimekuwa na hasira na kaka kwa kunikonyeza, na nafsi yangu kwa kutii. Ukaja wewe, nikapata wa kumtupia."

Walishikana, mama akiwapa mgongo, pasi imeanza tena kazi yake.

Basi la kuvuka mpaka lilikuwa linaondoka alasiri ile. Binamu yake fundi alishapanga kila kitu. Kilichobaki ni sura, kwa maana ndevu zile na nywele zile zilijulikana. Kitana aliomba mkasi na wembe, akamkalisha jikoni na taulo mabegani. Alikuwa amenyoa mamia ya vichwa, lakini hiki alikinyoa kama anayevunja nyumba yake tofali kwa tofali. Alipomaliza ndevu aligundua kovu dogo kidevuni.

"Hili sikulijua."

"Kuna mengi hujayajua."

"Nichukue basi niyajue. Nina hati ya kusafiria."

"Na mama? Na yule anayekaa saluni kwenu? Ukitoweka na wewe, wataanza na dada yako." Akaushika mkono wenye wembe. "Ningekuoa, Kitana."

"Uliza basi."

"Nikiuliza utakubali, halafu nitashindwa kupanda basi."

"Ndiyo."

"Sijauliza."

"Ndiyo hivyo hivyo," alisema Kitana, akaendelea kumnyoa shingo, machozi yakimdondokea mwanaume kwenye upara mpya. "Utaniandikia?"

"Siwezi. Kisima akiandika mstari mmoja tu, watajua kisima kiko wapi. Simu naiacha. Mashairi nayo nayaacha."

Alitoka kwa mlango wa mbele, begi dogo mkononi, shati la mteja limepigwa pasi vizuri, kama karani anayewahi ofisini. Kitana alikatazwa kumsindikiza. Alibaki anafagia nywele jikoni, na mama akakaa akimtazama anavyofagia pale pale palipokwisha kuwa safi.

Miezi ilipita. Kila Jumapili alikwenda kumsaidia mama kukunja nguo, na hakuna aliyeuliza kama kuna habari. Mwanaume wa gazeti aliacha kuja, au alikuja mwingine wasiyemtambua.

Siku moja mteja alikaa kwenye kiti chake, binti wa chuo, mcheshi, simu haimtoki mkononi huku akisukwa.

"Dada, wewe uko Tungo za Giza?"

"Nilikuwamo zamani."

"Basi umekosa! Kisima amepotea kabisa. Mchambuzi anasema amenunuliwa. Eti kapewa nyumba na gari, ndiyo maana kafunga mdomo. Soma maoni haya, watu wanamlaani! Na mimi nilivyolia kwa lile shairi lake la lifti, kumbe njaa tu."

Dada mkubwa alizima mashine ya kukaushia. Akamtazama mdogo wake kwenye kioo, akasubiri.

Vidole vya Kitana vilisimama katikati ya msuko. Maneno yalimjaa kinywani, yote, yamepangika.

"Wewe unaonaje?" binti aliuliza. "Atakuwa kanunuliwa?"

"Labda," Kitana alisema. "Inamisha kichwa kidogo."