Ukuta Uliosomwa kwa Sauti

Mama Gathoni alikijua kila kipande cha gazeti kilichokuwa kwenye ukuta wake, maana alikibandika mwenyewe kwa uji wa ngano ili upepo wa mlimani usipenye kati ya mbao. Kwa hiyo asubuhi moja ya mwezi wa saba, alipoinua macho kutoka kwenye sufuria ya chai, aliona mara moja kwamba kichwa cha habari kilichokuwa juu ya meko hakikuwa kile cha jana. Jana kilisema: GAVANA AFUNGUA DARAJA JIPYA. Leo kilisema: DARAJA JIPYA LAMKATAA GAVANA, AVUKA KWA KUOGELEA.

Alisoma tena kwa sauti, kidole chini ya herufi, kama alivyofundishwa katika darasa la gumbaru, shule ya watu wazima pale Endarasha. Mwalimu Mathenge alikuwa na sheria moja: kusoma kimya ni kusoma kwa mwizi.

Akacheka. Papo hapo harufu ya udi ikampita puani, katika nyumba isiyojua ila moshi wa kuni.

Kufikia saa sita jirani yake, Ngatia, alikuwa ameketi ndani, kikombe mkononi. "Ati ukuta wako uko na habari? Hebu soma, Mama Gathoni."

Akasoma. WALOWEZI WAOMBA RUHUSA YA KUINGIA KENYA, WAAMBIWA WANGOJE NJE. Ngatia akacheka mpaka chai ikammwagikia magotini. Kesho yake alikuja na wenzake, na kesho kutwa nyumba ikajaa. Walimaliza maziwa, wakamaliza sukari, na magugu yakafunika viazi vyake.

"Kwani nyinyi hamna mashamba?" aliuliza, amechoka.

"Shamba halina habari," Ngatia akajibu.

Alibandua karatasi zote, akabandika nyingine kutoka kwenye furushi lile lile. Asubuhi zilikuwa zimegeuka nazo. Akazikwangua tena mpaka kucha zikatoka damu. Kazi bure.

Kisha ukuta ukaanza kuwajua watu. MBUZI WA NGATIA WADAI KITI KWENYE USHIRIKA. Akasoma, wakacheka, na kesho yake mbuzi wale wakakutwa ndani ya ofisi ya ushirika, wamesimama safu, wameukazia mlango macho, hawalii wala hawapepesi. Hapo kicheko kilipungua. Halafu ikaja CHEMCHEMI YA ENDARASHA YAHAMIA MWEA KULIMA MPUNGA, na ulimi wake, uliokwisha kuzoea, ukaisoma kabla akili haijauzuia. Kufikia jioni chemchemi ilikuwa tope kavu linalonuka majaruba ya mpunga.

Wanawake wakaja na madebe matupu. "Rudisha maji yetu."

"Mimi sikuandika!"

"Lakini ni wewe ulisoma."

Wale wale waliokunywa chai yake sasa walimwita mchawi.

Aliyemsaidia ni Maryan, mke wa Abdille, mnunuzi wa kondoo kutoka Nanyuki. Alifika na mumewe kutazama kondoo dume, akasimama kizingitini, akanusa.

"Dada, nani anafukiza humu?"

"Hakuna mtu."

"Magazeti uliyatoa wapi?"

"Kwa ghala moja ya zamani, huko kwenu Nanyuki. Yalikuwa yamefungwa kamba nyeusi."

Maryan akashusha sauti. "Huyu ni jini aliyeona mambo ya dunia yakipita bila yeye kuulizwa. Sasa anayapanga upya. Lakini hana ulimi, dada. Ameazima wako. Funika ukuta kwa udongo, na usisome hata neno moja."

Walikanda udongo, samadi na majivu. Nje ukungu ulishuka mchana mweupe ukaifunga njia, na Maryan akaanza kusoma dua chini chini huku Mama Gathoni akipaka, na karatasi zikaanza kutikisika chini ya viganja vyake kama ngozi ya ng'ombe aliyeumwa na inzi, akapaka haraka zaidi, juu ya gavana, juu ya mbuzi, juu ya chemchemi, mpaka ikabaki karatasi moja tu karibu na mlango, na juu yake herufi zikatokeza moja moja, nyeusi, mbichi: THEURI ARUDI NYUMBANI.

Theuri alikuwa mumewe. Aliingia msituni wakati wa hali ya hatari, kupigana na mkoloni, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kaburi. Tangu siku ile Mama Gathoni alikuwa hajawahi kutia komeo mlangoni.

Nyayo zikaja kwenye ukungu. Zikakoma nje. Akasikia kile kikohozi chake kifupi, akanusa tumbaku yake, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Dada," Maryan akanong'ona, akimshika mkono. "Chemchemi ilikwenda Mwea kwa hiari yake? Mbuzi wale walikuwa bado mbuzi?"

"Ni yeye. Nakijua kikohozi chake."

"Na jini anajua kwamba unakijua."

Mama Gathoni akauma ulimi. Akachota udongo kwa mikono miwili, akaufunika uso wa jina lile huku analia, na nje kitu kikaparuza mlango toka juu hadi chini, kisha ukungu ukanyamaza. Jioni ile alitia komeo.

Maji yalirudi. Katika debe la kwanza Ngatia alikuta mbegu ya mpunga, akaitupa. Wiki ile hakuna aliyekuja kunywa chai.

Jumatatu alirudi gumbaru. Mwalimu Mathenge aliandika ubaoni, Baba analima viazi, akasogea kando. Harufu ya udi ikapita darasani. Mama Gathoni alipotazama tena, chaki ilikuwa inasema: THEURI YUKO MLANGONI.

"Soma, Mama Gathoni."

Akatikisa kichwa, midomo ameibana.

"Kimya ni cha mwizi," mwalimu akasema kwa upole, akagonga ubao kwa fimbo. "Basi wote pamoja, tumsaidie. Kwa sauti."

Mama Gathoni akaruka kusimama, mikono juu. Lakini darasa zima lilikuwa limekwisha kuvuta pumzi.